Jinsi ya Kupata Mkutano wa Kuacha Pombe Nchini Uganda: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Watu wengi wanaoamua kutafuta kikundi cha kusaidiana kuacha pombe hukwama mahali pamoja. Huingia mtandaoni, hupata jina la kanisa au la jumba fulani la Kampala pamoja na siku ya mkutano, hupanda taksi hadi huko, humkuta mlinzi wa lango asiyejua lolote, kisha hurudi nyumbani wakiamini kwamba vikundi hivyo havipo. Vipo. Tatizo ni kwamba havina ofisi wala bango: huazima chumba kwa saa moja au moja na nusu, hukikabidhi, na huhama bila kutangaza. Kwa sababu hiyo, kazi ya kwanza ni kumpata mtu anayehudhuria, na mahali patafuata.

Mwongozo huu unahusu hasa vikundi vya Alcoholics Anonymous, vinavyojulikana kwa ufupi kama AA, kwa kuwa ndivyo vilivyoenea zaidi duniani. Hata hivyo, hatua nyingi zinafaa pia kwa vikundi vinavyoendeshwa na hospitali na nyumba za urekebishaji.

## Vitu vya kuandaa

- Simu yenye muda wa maongezi na bando. Ukiwa na fedha kidogo, tanguliza muda wa maongezi, kwa sababu simu moja ya dakika tatu hutoa taarifa ambayo saa nzima ya kupekua mtandao haitoi.
- Daftari dogo na kalamu. Simu ya mnywaji hupotea, huuzwa, au huwekwa rehani kilabuni. Namba iliyoandikwa kwenye karatasi hubaki.
- Nauli ya kwenda na kurudi, iliyotengwa mapema. Kama unajijua kwamba fedha haikai mfukoni ikifika jioni, mwachie mke, mume, ndugu au jirani unayemwamini.
- Jina moja la kutumia. Hakuna atakayekuuliza jina la ukoo, kazi wala kitambulisho.
- Asubuhi moja ya siku ya kazi. Kliniki unazohitaji kuzifikia hazifunguliwi Jumapili.

Ada haimo katika orodha hii kwa kuwa AA haitozi ada ya uanachama. Kikapu hupitishwa ili kulipia chumba na chai, naye mgeni anaweza kukipitisha bila kutia kitu.

## Hatua ya 1: Hakikisha mwili uko salama kabla ya kuacha ghafla

Hatua hii imetangulizwa makusudi, kwa sababu mtu anayekunywa sana kila siku anaweza kufa kwa kuacha pombe ghafla bila uangalizi. Sisemi hivi ili kutisha. Ubongo uliozoea pombe kwa muda mrefu huwa umejirekebisha ili kushindana na usingizi unaoletwa na pombe, na pombe ikiondolewa kwa mara moja, ubongo huo hubaki katika msisimko mkali usio na breki.

Kutetemeka, jasho, kichefuchefu na moyo kwenda mbio huanza kwa kawaida kati ya saa 6 na saa 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege linaweza kutokea ndani ya saa 48 za mwanzo. Hali iliyo mbaya zaidi, yaani kuchanganyikiwa, kuona au kusikia vitu visivyokuwepo pamoja na homa, huja mara nyingi kati ya saa ya 48 na saa ya 96, wakati ambapo jamaa wameanza kudhani kwamba hatari imepita.

Jiulize maswali matatu. Je, hunywa kila siku? Je, asubuhi mikono hutetemeka mpaka upate kidogo? Je, umewahi kupata degedege au kuweweseka ulipojaribu kuacha? Ukijibu ndiyo kwa lolote kati ya hayo mawili ya mwisho, nenda kwanza kituo cha afya, na usijifungie chumbani ukisema utavumilia. Vituo vya serikali viliondolewa ada za wagonjwa mwaka 2001, isipokuwa katika wodi za kulipia za hospitali, kwa hiyo ukosefu wa fedha usikuzuie kuonana na daktari.

Daktari atataka kujua kiasi unachokunywa, na hapo wengi hupunguza hesabu kwa aibu. Hesabu kwa chombo. Tangu pakiti ndogo za plastiki za pombe kali zilipopigwa marufuku mwaka 2019, chupa ndogo kabisa inayoruhusiwa ni ya mililita 200, basi taja ni chupa ngapi kwa siku. Malwa, yaani pombe ya ulezi inayonywewa kwa mirija, ni mtihani kidogo, kwa kuwa chungu ni cha watu wengi na maji ya moto huongezwa kila kinapokauka, kiasi kwamba hakuna ajuaye mrija wake umevuta kiasi gani. Kwa malwa, mweleze daktari saa unazokaa kwenye chungu na siku unazokaa kwa wiki. Kama ni lira lira au pombe nyingine ya kienyeji iliyokenekwa, sema hivyo waziwazi, maana ukali wake haujulikani.

Onyo: Usinunue diazepam dukani ukajitibu mwenyewe. Ni kweli kwamba madaktari huitumia kutuliza dalili hizi, pamoja na vitamini B1, lakini ikichanganywa na pombe inaweza kusimamisha pumzi. Mtu akianguka kwa degedege, akichanganyikiwa au akianza kuona visivyokuwepo, hiyo ni dharura ya hospitali, na mkutano usubiri.

Utajua umefaulu pale ambapo mhudumu wa afya amekupima na kukuambia kama unaweza kuacha ukiwa nyumbani au unahitaji kulazwa.

## Hatua ya 2: Jua ni mkutano wa aina gani unaoutafuta

AA ina mikutano ya wazi, ambayo mtu yeyote anaweza kuingia akiwemo ndugu au mwanafunzi, na mikutano iliyofungwa, ambayo ni ya wenye tatizo la pombe au wanaohisi kwamba wanalo. Sharti pekee la kuwa mwanachama ni nia ya kuacha kunywa. Kama unataka kusindikizwa na mkeo au kaka yako, uliza mkutano wa wazi, la sivyo mwenzako ataachwa nje.

Wewe ukiwa ni mzazi, mke au mume wa mnywaji, unachokihitaji ni Al-Anon, ambayo ni ya jamaa. Usihangaike na AA kwa niaba ya mtu ambaye hajaomba.

Jambo la dini huwasumbua wengi, nami nalisema mapema. Mikutano mingi hufanyika katika kumbi za makanisa kwa sababu kumbi hizo hupatikana kwa bei nafuu, lakini AA haifungamani na dhehebu lolote. Mwislamu huhudhuria na kumtaja Mungu kama anavyomjua yeye. Asiyetaka kabisa lugha ya kiroho anaweza kutafuta SMART Recovery, ambayo hutumia mbinu za kisaikolojia na ina mikutano ya mtandaoni.

## Hatua ya 3: Tafuta mtu anayehudhuria

Njia zipo tatu, na ningekushauri uzifuate zote kwa siku moja badala ya kungoja moja ishindikane ndipo ujaribu nyingine.

Njia ya kwanza ni hospitali. Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya Butabika, iliyoko mashariki mwa Kampala, ina kitengo maalumu cha pombe na dawa za kulevya. Walio mbali na Kampala waende hospitali ya rufaa ya mkoa wao, kama vile Mbale, Soroti, Lira, Gulu, Arua, Jinja, Masaka, Mbarara, Kabale au Fort Portal, ambako kuna huduma ya afya ya akili. Usiulize langoni habari za kikundi cha walevi, kwa kuwa utapata kicheko na kidole kinachoonyesha baa ya ng'ambo ya barabara. Uliza kliniki ya afya ya akili, na ukifika huko omba kuonana na muuguzi, mshauri nasaha au afisa ustawi anayewahudumia wenye tatizo la pombe. Mwambie hivi: "Nataka kuacha pombe. Je, unamfahamu mtu yeyote anayehudhuria AA, au kikundi chochote cha waliopona kinachokutana hapa au karibu?"

Usishangae akikataa kukupa namba ya mtu. Uanachama ni siri, na muuguzi mwema huilinda. Mwachie namba yako na umwombe akupigie au amwombe mwanachama akupigie, kisha rudi baada ya siku tatu usipopata simu. Kurudi huku ndiko kunakoachwa na wengi.

Njia ya pili ni nyumba za urekebishaji. Nyumba hizi hukaribisha wanachama wa AA kuzungumza na wagonjwa wao, au hupeleka wagonjwa kwenye mikutano, kwa hiyo wafanyakazi wake huwa na taarifa mpya. Unaweza kupiga simu na kuuliza hata kama huna mpango wa kulazwa. Jihadhari na jambo moja tu: ukimwona mpokeaji anageuza swali lako la mkutano wa bure kuwa mazungumzo ya malipo ya miezi mitatu, mshukuru na uage.

Njia ya tatu ni orodha za mtandaoni. Tovuti ya aa.org ina ukurasa wa kutafuta AA kwa nchi, na ipo programu ya simu isiyolipiwa iitwayo Meeting Guide. Orodha hizi hutegemea vikundi vyenyewe kutuma taarifa, na kikundi cha watu sita kinachohamahama hakina katibu wa kusahihisha mtandao kila mwezi. Kwa sababu hiyo, chukua namba ya simu na barua pepe, lakini usiamini mahali wala saa mpaka uthibitishe.

Wakazi wa Busia na Malaba, mpakani na Kenya, wana nafasi ya ziada, kwa kuwa AA ina vikundi vingi nchini Kenya, nako Kiswahili hakina shida. Waulize wa upande ule pia.

Utajua umefaulu ukiwa na namba mbili za watu wanaohudhuria, zilizoandikwa kwenye daftari. Nasema mbili kwa sababu moja huzimwa.

## Hatua ya 4: Thibitisha kwa simu kabla ya kupanda gari

Piga asubuhi, ukiwa hujanywa. Watu hushindwa hapa kwa kukosa maneno, basi andika utakachosema na ukisome kama kilivyo: "Habari za leo, ndugu. Naitwa Musa. Nimepewa namba yako katika kliniki ya afya ya akili. Nataka kuacha pombe, na nimeambiwa mna mkutano. Naomba kujua mkutano ujao ni lini na nitafikaje." Huna haja ya kueleza maisha yako. Upande wa pili yupo mtu aliyewahi kupiga simu kama hiyo.

Uliza mambo manne, na uandike majibu: siku na saa, mahali na alama iliyo karibu, mkutano ni wa wazi au umefungwa, na lugha inayotumika. Swali la lugha lina uzito wake hapa Uganda, kwa sababu unaweza kufika ukakuta kila mtu anazungumza Kiingereza au Kiganda. Uliza kama unaweza kuzungumza kwa Kiswahili, na kama yupo atakayekufasiria kwa sauti ya chini.

Katika suala la saa, rudia kwa namna zote mbili. Aliyekuambia "seven" kwa Kiingereza alikusudia saa moja, na aliyeandika 7 kwenye ujumbe mfupi huenda alikusudia saa saba mchana kwa hesabu yetu. Sema: "Ni saa moja ya jioni, jua likizama, sivyo?" Sentensi hiyo moja huokoa safari nzima.

Mwisho, omba mtu akusubiri nje. Jengo lenye milango minane na mikutano ya kwaya, harusi na ushirika wa akiba kwa wakati mmoja humkatisha tamaa hata mtu jasiri.

## Hatua ya 5: Hudhuria mtandaoni wakati unasubiri

Mkutano wa ana kwa ana unaweza kuwa baada ya siku tano, na siku tano ni nyingi. Tovuti ya aa-intergroup.org huorodhesha mikutano ya mtandaoni ya saa zote za mchana na usiku, na unaweza kuchuja kwa lugha na kwa siku.

Kwanza, hakikisha simu yako imewekwa kwenye saa za Afrika Mashariki. Kisha, ukipewa saa ya nchi nyingine, igeuze mwenyewe. Mkutano wa saa sita mchana wa New York ni saa mbili usiku kwetu wakati wa baridi yao, na ni saa moja jioni wanapobadilisha saa, kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba. Wa saa kumi na mbili jioni wa London ni saa tatu usiku kwetu, na huwa saa mbili usiku kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba. Ndiyo maana mtu aliyezoea kuingia saa ile ile hujikuta siku moja amechelewa kwa saa nzima au amewahi mno.

Pili, angalia jina litakaloonekana. Zoom, programu ya mikutano ya video, huonyesha jina ulilosajili, ambalo kwa wengi ni majina kamili waliyoandika kazini, au huonyesha jina la simu yenyewe. Libadilishe liwe jina moja kabla ya kujiunga. Zima kamera, ambayo ndiyo mlaji mkubwa wa bando, na uzime maikrofoni. Vaa visikilizi kama unaishi chumba kimoja na wengine, kwa kuwa siri unayoilinda si yako peke yako, ni ya wote wanaozungumza.

Kwa maoni yangu mikutano hii ni daraja zuri, na kwa mtu aliye Moroto au katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale huenda ikawa njia kuu. Lakini aliye Kampala asiitumie kama kisingizio cha kutotoka nyumbani.

## Hatua ya 6: Siku ya mkutano

Fika dakika kumi na tano mapema. Msongamano wa Kampala jioni haubembelezwi, hivyo ongeza saa nzima kwenye safari ukitumia taksi, au teremka na umalizie kwa boda boda.

Kama umeteleza ukanywa siku hiyo, mara nyingi unaweza kuingia bado, ili mradi ukae kimya, usikilize, na usibebe chupa. Piga simu na uulize. Kutoenda kwa aibu ya harufu ni kujinyima kitu kile kile ulichokitafuta.

Ndani utakuta viti vilivyopangwa duara au safu, na mtu mmoja anayeongoza. Yatasomwa maneno ya ufunguzi, kisha watu watazungumza kwa zamu, kila mmoja akijitambulisha kwa jina moja. Hakuna anayemkatiza mwenzake wala kumpa ushauri akiwa anazungumza. Zamu ikikufikia, unaweza kusema: "Naitwa Musa, leo nasikiliza tu." Hilo linatosha, na hakuna atakayekusukuma.

Mkutano ukiisha, usikimbie. Robo saa ya chai na kusimama nje ndiyo yenye manufaa makubwa kwa mgeni, kwa kuwa hapo ndipo namba hubadilishwa na ndipo utakapopewa taarifa ya mikutano mingine ambayo haimo mtandaoni.

Utajua umefaulu ukitoka na namba ya mtu mmoja wa jinsia yako uliyeruhusiwa kumpigia usiku wa hamu kali, pamoja na siku ya mkutano ujao.

## Hatua ya 7: Pima kikundi kwa mikutano kadhaa, si kwa mmoja

Vikundi havifanani. Kimoja kina wazee wanaorudia hadithi zile zile, kingine kina vijana, kingine kimejaa watu wa ofisini ambao fundi wa magari wa Kisenyi atajiona mgeni kati yao. Nenda mara nne au tano, na kama kuna kikundi cha pili, kijaribu pia. Ukimwona mtu aliyekaa muda mrefu bila kunywa na ambaye maisha yake unayaheshimu, mwombe awe mdhamini wako, yaani wa kukuongoza katika zile Hatua Kumi na Mbili, ambazo ndizo mpango wa AA wa kuacha pombe.

Zipo dalili za kuondoka mara moja. Kikundi kinachodai ada ya lazima, kinachouza dawa au kuahidi uponyaji wa uhakika, kinachokuamuru uache dawa ulizoandikiwa na daktari, au kinachotangaza majina ya wahudhuriaji nje, hakifuati desturi za AA hata kikijiita hivyo. Mwanamke mgeni awe macho na mwanamume anayejitolea mno kumsindikiza na kumpigia simu usiku. Atafute wanawake wenzake, na akiwakosa, mikutano ya wanawake pekee ipo mtandaoni.

## Hatua ya 8: Ikiwa hakuna kikundi karibu nawe

Wawili au zaidi wanaokutana kwa ajili ya kubaki bila kunywa wanaweza kujiita kikundi cha AA, ili mradi kikundi hicho hakina mfungamano mwingine. Hauhitajiki usajili wala kibali cha makao makuu. Rudi kwa yule muuguzi wa Hatua ya 3 na umwombe amweleze mgonjwa mwingine kwamba upo. Andikia ofisi ya huduma ya AA kupitia aa.org uombe machapisho ya kikundi kipya, na umwombe mwanachama wa Kampala au wa Kenya awe anaunganishwa nanyi kwa simu iliyowekwa sauti ya juu katika mikutano ya mwanzo, kwa sababu wageni wawili wasio na mzoefu huishia kusimuliana habari za kilabuni.

Omba chumba katika kituo cha afya, shule au jumba la ibada, na umweleze mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kwamba ni mkutano wa watu wanaoacha pombe, bila kumtajia majina. Chagua saa ambayo kilabu huanza kujaa, kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni, kwa kuwa huo ndio muda unaohitaji kuzibwa. Siku na saa zisibadilike hata siku ambayo umefika peke yako: kaa saa nzima, soma, mpigie mwenzako, kisha ufunge.